Msokoto wa Tumbo na Utumbo Uliojisokota

Mfasiri wa maandishi ya uganga hukutana na neno "tumbo" karibu katika kila ukurasa, na hapo ndipo taabu yake inapoanza. Katika Kiswahili "tumbo" ni sehemu ya mwili, ni maradhi ("anaumwa tumbo"), na pengine ni mimba. Tabibu, kwa upande wake, hana budi kujua ni kiungo gani kinachouma.

Tuchukue "msokoto wa tumbo". Katika usemi wa kila siku haya ni maumivu yanayokaza na kulegea, kama ya mtu anayeharisha. Lakini yako maradhi ambayo utumbo mpana wenyewe, hasa sehemu iliyo juu ya puru, hujizungusha mithili ya kamba. Njia huziba, choo na hewa havipiti, tumbo hufura. Damu isipofika, utumbo huoza. Picha ya eksirei mara nyingi huonyesha umbo kama la punje kubwa ya buni. Maradhi haya yakiitwa "msokoto wa tumbo", msomaji atadhani yaweza kungoja kesho, hali mgonjwa anatakiwa hospitalini mara moja. Twapendekeza yaitwe "kujisokota kwa utumbo".

Maradhi ya pili ni "kujichomeka kwa utumbo", yaani kipande kimoja kuingia ndani ya kipande kinachofuata. Huwapata zaidi watoto wachanga. Watu wazima ni kama 5 tu katika kila wagonjwa 100. Kwa mtu mzima, mara nyingi chanzo ni uvimbe, pengine wa saratani. Maumivu huweza kuja na kuondoka kwa majuma kadhaa, ndiyo maana utambuzi huchelewa. Picha za tomografia ya kompyuta huonyesha duara ndani ya duara.

Hatimaye, "chango". Neno hili lina maana ya utumbo mwembamba, minyoo, na pia maumivu ya uzazi. Katika maandishi ya kitaalamu afadhali tuseme "utumbo mwembamba". Hata hivyo neno lisidharauliwe: mgonjwa atalitamka, na muuguzi apaswa kumwuliza analikusudia lipi.

Kanuni basi ni moja: jina la maumivu lisipewe maradhi. Maumivu husemwa na mgonjwa. Maradhi hutajwa baada ya uchunguzi.