Kiriba cha mche na bakteria wa jua

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Tanzania Bara ikafuata Juni 1, 2019, na Burundi mwaka 2020. Ngara, wilaya ya Kagera yenye vituo vya mpaka vya Rusumo na Kabanga, imezungukwa na masoko ambako rambo imefukuzwa. Kwetu ukikutwa nayo, faini inaanzia shilingi 30,000. Anayeizalisha anaanzia milioni 20. Na huo mfuko mbadala tunaobebea sukari? Ni polipropilini, plastiki ileile iliyovaa sura ya kitambaa.

Lakini sheria iliacha nje vifungashio vya kilimo, na hapo ndipo ninapoiona biashara. Nenda kwenye kitalu chochote cha kahawa. Viriba vyeusi vimepangwa kwa safu chini ya kivuli, kila kimoja kimejazwa udongo na samadi. Siku ya kupanda mkulima anakichana kwa wembe, anauingiza mche shimoni na bonge lake la udongo, kiriba anakitupa pembeni. Msimu unaofuata jembe linakifukua, kizima vilevile.

Kiriba kinachoozea ardhini kinawezekana. Mwaka 1926 Mfaransa Maurice Lemoigne aligundua kwamba bakteria fulani hujiwekea akiba iitwayo PHB, kama mtu anavyojiwekea mafuta mwilini. Akiba hiyo ni plastiki, na vijidudu vya udongoni huila. Sianobakteria, jamaa za spirulina inayowalisha heroe wa Ziwa Natron, huitengeneza kwa jua, maji na hewa ya kaboni, hasa wakinyimwa naitrojeni. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, waliwabadilisha vinasaba na kuwaongezea asetati, hadi PHB ikazidi asilimia 80 ya uzito wao mkavu.

Hiyo ni maabara. Bwawani, lita moja ya maji mara nyingi hutoa gramu moja tu au pungufu ya bakteria wakavu. Kuwachuja, kuwakausha na kuwakamua ndiko kunakokula mtaji. Hata bakteria wanaolishwa sukari au mafuta ya mimea, ambao ni rahisi kuwafuga, hawajatajirisha wengi. Kampuni ya ICI ya Uingereza iliuza plastiki yao kwa chupa za shampuu mwaka 1990, na biashara ikahama mikono bila kushamiri. Danimer ya Marekani iliomba ulinzi wa mufilisi Machi 2025. Plastiki hii bado ni ghali mara kadhaa kuliko ya mafuta ya petroli.

Kwa Kagera, ningeanza na bakteria wanaolishwa molasesi ya kiwanda cha sukari kule Misenyi kabla ya kuchimba mabwawa ya jua. Lakini mwekezaji akifika Ngara na picha za maji ya kijani, halmashauri isikimbilie kumpa ardhi. Imuulize kwanza bei ya viriba 1,000 vikiwa vimefikishwa kitaluni.