Kikapu, Feni na Uniti za Umeme: Kuchagua Eafraya ya Nyumbani

Mtu anaweza kufungua oveni yenye nyuzijoto 200, akaingiza mkono kwa sekunde mbili na kuutoa mzima, mradi asiguse chuma. Hakuna anayethubutu kuchovya hata ncha ya kidole kwenye karai la mafuta ya nyuzi 180. Mafuta hukishika kitu pande zote na kukipa joto papo hapo. Hewa iliyotulia hutoa joto lake polepole.

Dawa ya upole huo wa hewa ni feni. Sehemu ya juu ya eafraya kuna koili inayowaka, na feni huisukuma hewa ya moto kwa kasi, ikapenya katikati ya chakula, ikatokea kwenye matundu ya kikapu na kurudi juu. Hewa inayokimbia hufagia unyevu uliotanda juu ya chakula. Sehemu ya nje ikishakauka na kupita nyuzi 140 hivi, hubadilika rangi kuwa kahawia na kutoa harufu ile ya kukaangwa. Kwa hiyo eafraya ni oveni ndogo yenye upepo mkali, na ubora wake hupimwa kwa jinsi upepo huo unavyopita.

Wazo lenyewe si geni. Katika miaka ya 1940 Mmarekani William Maxson alitengeneza oveni yenye feni ya kupashia abiria wa ndege chakula kilichogandishwa. Baadaye Mholanzi Fred van der Weij alihangaika kutafuta chipsi kavu zisizohitaji karai la mafuta, na mwaka 2010 kampuni ya Philips ikaionesha eafraya kwenye maonesho ya vifaa vya umeme mjini Berlin.

Kabla ya kuuliza bei, mnunuzi ajiulize nyumbani kwake kunapikwa nini. Chipsi, mapaja ya kuku, changu mzima, mihogo iliyochemshwa kwanza na sambusa zilizopakwa mafuta kwa brashi hutoka vizuri. Bhajia ni habari nyingine: rojo la unga wa dengu huchuruzika kwenye matundu kabla halijashikana, kwa sababu linahitaji kuzingirwa na mafuta ya moto tangu sekunde ya kwanza. Mandazi huiva, lakini hutoka na ngozi kavu kama skonzi. Nyumba inayoishi kwa bhajia na mandazi bado italihitaji karai lake.

Kinachofuata ni ukubwa, na hapa wengi huponzwa na maandishi ya boksi. Boksi hutaja lita, yaani ujazo, ilhali chakula hutakiwa kulala safu moja ili hewa ikizunguke. Chipsi zikirundikwa, za katikati hulainika kama zilizochemshwa. Kikapu kipana cha lita 4 kinaweza kubeba sambusa nyingi kuliko kirefu chembamba cha lita 5. Kina huhitajika zaidi kwa anayechoma kuku mzima. Kwa watu wawili, lita 3 au 4 hutosha. Familia ya watano ianzie lita 5 au 6, au itafute yenye droo mbili. Jioni ya Ramadhani tofauti hiyo huonekana wazi: kikapu kidogo hulazimisha mizunguko minne ya sambusa, na za kwanza hupoa kabla ya adhana.

Halafu kuna umeme. Eafraya nyingi za familia hutumia wati 1,400 hadi 1,700. Ya wati 1,500 ikiwaka mfululizo dakika 20 hula nusu uniti, na kwa kuwa koili hujizima joto likifika, kwa kawaida hula pungufu ya hapo. Ikitumika hivyo mara moja kila siku, mwezi hauzidi uniti 15. Nchini Tanzania, kwa mteja wa TANESCO aliye kwenye daraja nafuu la uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni sehemu moja ya tano ya nafasi yake. Kifaa hiki kichomekwe moja kwa moja ukutani, kwani ekstensheni nyembamba inayobeba pia pasi au birika huweza kupata moto hadi kuyeyuka.

Zawadi kutoka kwa ndugu aliye Marekani ichunguzwe kibandiko chake cha nyuma. Huko umeme wa nyumbani ni volti 120, Tanzania ni 230 na Kenya 240. Koili ya volti 120 ikipewa 230 huvuta karibu mara nne ya nguvu iliyotengenezewa, na huungua. Ya Dubai haina tatizo hilo: volti zinalingana na plagi ni ileile ya pini tatu bapa.

Vitufe navyo vina maana pale umeme unapokatika. Saa ya kuzungusha kwa mkono huendelea kuhesabu gizani, hivyo mpishi husikia kengele huku kuku akiwa mbichi. Ya kidijitali mara nyingi husahau ilikofikia, na saketi yake huhitaji kifaa cha kuilinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka.

Utando usiogandisha chakula ndani ya kikapu hauna ugomvi na nyuzi 200. Adui yake ni stili waya na kijiko cha chuma. Ukianza kubanduka, kikapu kibadilishwe, kwa hiyo muuzaji aulizwe mapema kama anavyo vya akiba.

Dukani, mnunuzi achomoe droo na kuiweka kando ya sahani anayopakulia watu wake. Ahesabu ni sambusa ngapi zitalala humo bila kupandana. Kisha aombe mashine iwashwe dakika tano. Harufu kidogo ya plastiki mara ya kwanza ni ya kawaida na huisha. Feni nzima huvuma kwa sauti moja. Inayokwaruza irudishwe kwenye boksi hapo hapo.