Magurudumu Ndani ya Maboya: Magadi ya Turkana, Vumbi la Laikipia

Ndege ya maboya yenye uwezo wa kutua majini na nchi kavu huwa na magurudumu manne: mawili makubwa nyuma na mawili madogo mbele, jozi moja kwa kila boya. Rubani akienda ziwani huyakunja, akienda kiwanjani huyateremsha. Sehemu inayoloweshwa kila ndege inapogusa maji ndiyo hiyo hiyo inayobeba uzito wote ikifika ardhini. Ndiyo maana fundi humaliza muda mwingi chini ya ndege ya aina hii kuliko kwenye injini yake.

Eneo la Mlima Kenya liliziona ndege za jamii hii mapema. Mwaka 1933 na 1934, Martin na Osa Johnson, watengenezaji filamu kutoka Kansas, Marekani, walizunguka Afrika Mashariki na ndege mbili za Sikorsky: S-38 ya injini mbili, yenye milia ya pundamilia, na S-39 ndogo, yenye madoa ya twiga. Walivipiga picha vilele vya mlima kutoka angani, na kaskazini wakatua kwenye Ziwa Rudolf, ambalo leo ni Turkana. Hizo zilikuwa na kiwiliwili cha mashua badala ya maboya mawili, na magurudumu yake yalining'inia ubavuni. Kila gurudumu la S-38 liliweza kuteremshwa peke yake, jambo lililosaidia kuigeuza ndege majini. Rangi zake ndizo zilizopata sifa. Mafundi walibaki na magadi.

Maji ya Turkana yana chumvi na magadi, pH yake ikiwa juu kidogo ya 9. Alumini hujilinda kwa utando mwembamba sana wa oksidi, na maji ya namna hiyo huuyeyusha. Chuma nacho hushika kutu, na pale kinapokutana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo huliwa kwanza. Naivasha, ziwa la maji matamu, lina nafuu kubwa. Dawa ni kuosha kwa maji matamu siku hiyo hiyo, bila kutumia mashine ya shinikizo kubwa, kwa sababu hiyo husukuma maji kupita sili hadi kwenye beringi.

Halafu kuna vumbi. Maji hukomba grisi, kisha ndege hutua kwenye kiwanja cha udongo huko Laikipia wakati wa kiangazi na vumbi hukaa palipokuwa na grisi. Mchanganyiko huo husaga pini na beringi kama msasa. Fundi husukuma grisi mpya, isiyokombwa na maji kwa urahisi, mpaka ile chafu itoke yote. Beringi za magurudumu hufunguliwa, huoshwa, hukaguliwa kama zina vishimo na kupakwa upya. Kazi hii haina fahari yoyote, na ndiyo huahirishwa kuliko zote.

Mwinuko nao una lake. Kiwanja cha Nanyuki kiko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Nyaribo, karibu na Nyeri, hakiko chini sana ya hapo. Kwa hewa hafifu ya huko, ndege hugusa ardhi ikiwa na mwendo wa karibu asilimia 10 zaidi kuliko pwani, kwa hiyo breki hupokea nishati ya karibu asilimia 20 zaidi. Diski iliyokwisha kuoteshwa kutu na ziwa haifai kupewa kazi hiyo.

Mfumo wa kukunja hupimwa ndege ikiwa juu ya jeki: magurudumu hupandishwa na kuteremshwa mara kadhaa, na mara moja kwa pampu ya mkono ya dharura. Mafuta ya haidroliki yakipauka kama maziwa, maji yameingia. Swichi za taa husafishwa, maana taa za buluu huonyesha magurudumu yamekunjwa na za kijani kuwa yameshuka. Kutua kiwanjani yakiwa yamekunjwa kwa kawaida hukwaruza mkuku tu. Kutua majini yakiwa chini huipindua ndege kifudifudi. Kwa sababu hiyo rubani mwangalifu huyatazama pia magurudumu kwa kioo, au hutazama alama ya boya lenyewe.

Mwisho hukumbwa ngama, yaani maji yaliyoingia ndani ya maboya, chumba kimoja baada ya kingine, kabla ya kuruka. Chumba kinachotoa maji kila asubuhi hukaguliwa kuanzia ribiti za pale gurudumu linapojificha.