Boksi la viatu lenye kadi za besiboli: Kagua kabla ya kutupa au kuuza

Agosti 2022, kipande cha karatasi ngumu kinachoenea kiganjani kiliuzwa mnadani Marekani kwa Dola milioni 12.6. Kilikuwa kadi ya kampuni ya Topps ya mwaka 1952, yenye picha ya Mickey Mantle, nyota wa besiboli wa New York Yankees.

Kadi hizo zilikuwa za watoto, zikiuzwa pamoja na bigijii. Watoto walipokua, mama zao walizitupa. Hata Topps yenyewe ilikuwa na mzigo uliokosa wanunuzi, na Sy Berger, aliyezibuni kadi hizo, alisimulia jinsi alivyoupeleka kwa boti na kuumwaga baharini. Ndiyo maana zilizobaki zinagombaniwa.

Leo familia inayoishi huko, wakiwamo Waswahili waliohamia, inaweza kununua boksi la kadi kuukuu kwa jirani anayehama. Mtoto akilifungua, swali huwa moja: ni mali au takataka?

Kinachotafutwa zaidi ni kadi ya mwaka wa kwanza wa mchezaji. Ila kanuni hiyo ina vituko vyake. Kadi ya kwanza ya Mantle ni ya Bowman ya mwaka 1951, lakini ile ya Topps iliyofuata ndiyo yenye bei kubwa zaidi.

Umri nao hudanganya. Kadi ya kwanza ya Ken Griffey Jr. iliyotolewa na Upper Deck mwaka 1989 ilipendwa mno, na wakati huo kila mtu alishajua kwamba kadi ni akiba. Zilichapwa kwa wingi, zikahifadhiwa kwenye plastiki. Kwa hiyo kadi nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 hazirudishi hata gharama ya kuzipeleka kukaguliwa.

Kifaa cha kwanza cha mzazi ni rula. Kadi ya Topps ya 1952 ina upana wa karibu milimita 67 na urefu wa 95. Mwaka 1983 Topps ilichapa upya seti hiyo kwa umbo dogo zaidi, na wapo wanaozichukulia nakala hizo kuwa za asili. Kadi ya asili iliyopungua vipimo nayo ni ya kutilia shaka: huenda mtu alikata kingo ili pembe zionekane kali.

Kisha zitazamwe pembe nne, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati. Kampuni kama PSA na SGC hutoa alama hadi 10; ile ya Mantle ilipata 9.5. Mkunjo mmoja hushusha bei vibaya sana. Mzazi asifute uchafu kwa kitambaa chenye maji, wala asimwachie mtoto kifutio.

Kuhusu bei, ziangaliwe zile ambazo wanunuzi wamekwishalipa kwa kadi yenye hali kama hiyo, si zile wanazotaja wauzaji. Na anayetoa pesa taslimu papo hapo, akisisitiza jibu leo leo, asubiri.

Kama kadi ilinunuliwa kwa hela ya mtoto, aulizwe kwanza. Huenda yeye anampenda tu mchezaji aliyechorwa pale.