Skana Kuukuu na Lugha Iliyosahauliwa

Mkoani Singida, kama ilivyo katika mikoa mingine ya Tanzania, maombi ya kazi au ya mkopo wa masomo hupitia steshenari kabla hayajafika katika mfumo wowote wa mtandaoni. Mhitimu anayejisajili katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutakiwa kupakia nakala za vyeti vyake, na mwanafunzi anayeomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, huhitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, pamoja na fomu zenye sahihi na mihuri. Kazi ya kuzigeuza karatasi hizo kuwa mafaili ya PDF, iwe ni Singida mjini, Kiomboi, Manyoni, Itigi au Nduguti, ni ya skana, yaani mashine inayoisoma karatasi kwa mwanga na kuipeleka picha yake katika kompyuta. Skana iliyotunzwa vizuri huweza kufanya kazi kwa miaka ishirini, ilhali kompyuta iliyo pembeni yake hubadilishwa mara mbili au tatu katika muda huo, na siku kompyuta mpya inapoletwa ndiyo siku mwenye duka huambiwa kwamba skana yake imekufa.

Mara nyingi haijafa. Chini ya kioo cha skana ya bapa, ile inayofunguliwa mfuniko na kulazwa karatasi, kuna mhimili mwembamba unaosukumwa na mota ndogo kutoka upande mmoja hadi mwingine, ukiwa na taa na vihisi, yaani vipande vidogo vinavyopima kiasi cha mwanga unaorudi kutoka kwenye karatasi. Sehemu nyeupe hurudisha mwanga mwingi, wino mweusi hurudisha mdogo, na tofauti hiyo hugeuzwa kuwa tarakimu. Katika skana nyembamba kama zile za Canon za jamii ya LiDE, taa hiyo ni ya LED, na mashine nzima hupata umeme wake kwa waya uleule wa USB unaobeba picha, bila kuhitaji soketi ya ukutani. Hakuna katika vifaa hivyo kinachochakaa kwa sababu tu kalenda imesogea.

Wala ubora wake haujapitwa na wakati. Karatasi ya A4 ikisomwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, kipimo kinachotosha kabisa kwa vyeti na barua, hutoa nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu, jumla yake ikiwa karibu milioni 8.7, na skana ya CanoScan LiDE 30 ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ina uwezo wa kusoma nukta 1,200 kwa kila inchi, mara nne ya kipimo hicho. Kwa hakika, shida inayowakuta waombaji ni ya upande wa pili: cheti kilichoskaniwa kwa rangi na kwa nukta 600 huwa na nukta mara nne ya zile za kipimo cha 300, faili likawa zito, na mfumo ukalikataa kwa kuzidi ukubwa unaoruhusiwa. Steshenari yenye skana ya zamani iliyopangwa vizuri humtumikia mwombaji vyema kuliko yenye skana mpya iliyoachwa katika mipangilio ya kiwandani.

Kinachokufa ni draiva. Draiva ni programu ndogo inayokaa kati ya kifaa na mfumo endeshi wa kompyuta, ikifanya kazi ya mkalimani: kompyuta husema "soma ukurasa", na draiva huitafsiri amri hiyo katika lugha ambayo skana ya aina ile pekee inaielewa. Lugha hiyo kwa kawaida hubaki siri ya kiwanda, na kiwanda ndicho huandika draiva kwa ajili ya mifumo endeshi ya wakati ule. Skana nyingi za zama za Windows XP, mfumo uliotolewa mwaka 2001, ziliandikiwa draiva za biti 32, maana yake programu zilizotungwa kwa vichakataji vinavyoshughulikia taarifa kwa mafungu ya tarakimu 32 za sifuri na moja. Windows ya biti 64 hukubali kuendesha programu za kawaida za biti 32, lakini haikubali draiva ya biti 32 iingie katika kiini cha mfumo, mahali ambapo kosa moja huweza kuiangusha kompyuta yote. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, ipo katika biti 64 peke yake, na kwa kuwa Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta wanasukumwa kuhama. Skana ambayo kiwanda hakikuiandikia draiva mpya, kama ilivyokuwa kwa LiDE 20 na LiDE 30, hubaki bubu mbele ya kompyuta ambayo kwa nguvu inaizidi mara nyingi ile iliyokuwa ikiitumikia.

Huu ni uamuzi wa kibiashara, si sheria ya maumbile, na ndiyo maana watu wengine wameweza kuutengua. Programu ya VueScan, iliyoanzishwa mwaka 1998 na mhandisi Mmarekani Ed Hamrick, huzungumza yenyewe na mamia ya skana ambazo viwanda vimeziacha, kwa kuwa waandishi wake walichunguza mazungumzo kati ya skana na draiva ya asili hadi wakaielewa lugha yake. Programu hiyo huuzwa, ingawa toleo la majaribio humwezesha mtu kuhakikisha kama skana yake inaitika kabla hajalipa. Kwa duka la wilayani, hata hivyo, njia yenye matumaini zaidi ni SANE, mradi ulioanza miaka ya 1990 miongoni mwa watumiaji wa Linux, mfumo endeshi usiolipiwa. Draiva za SANE huandikwa na watu wanaojitolea, na kwa kuwa msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, skana iliyokwisha kuingizwa humo haitegemei tena kiwanda. LiDE 20 na LiDE 30 zimo. Fundi anaweza kuiweka Linux katika flashi, akaiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa chochote kilichomo ndani, kisha akachomeka skana na kufungua programu ya kuskani: ikiitika, jibu limepatikana kwa dakika chache na kwa gharama ya flashi tu.

Njia nyingine ni kutoitupa kompyuta ya zamani. Kompyuta ya mezani isiyofaa tena kwa kazi nyingine bado yatosha kuwa nyumba ya skana, na programu ya bure iitwayo NAPS2 ina uwezo wa kuigawa skana hiyo kwa kompyuta nyingine za dukani kupitia mtandao wa ndani. Ikiwa kompyuta hiyo ina Windows XP, ambayo haijapata marekebisho ya kawaida ya usalama tangu Aprili 2014, isiunganishwe na mtandao wowote, na mafaili yatolewe kwa flashi inayokaguliwa. Jambo hili si la kupuuzwa katika chumba kinachopitiwa na vyeti na namba za vitambulisho vya taifa (NIDA) za watu wengi kila siku. Kwa sababu hiyohiyo, mwenye duka aepuke tovuti zinazotangaza draiva za bure kwa kila kifaa, kwani nyingi hubeba programu haribifu.

Yapo pia makosa madogo yanayofanana na kifo. Baadhi ya skana za zamani huyumba zikichomekwa katika matundu ya USB 3, lakini hutulia zikipitishwa katika kigawanyio cha USB 2 kinachouzwa kwa bei ndogo. Nyingine, zikiwemo baadhi za Epson na ScanSnap, huhitaji kupewa faili la maelekezo ya ndani kila zinapowashwa, na faili hilo mara nyingi linapatikana katika CD iliyokuja na mashine, ile ambayo watu huitupa pamoja na boksi.

Singida ina adui mwingine, vumbi. Kiangazi cha kuanzia Mei hadi Novemba na upepo mkali wa uwanda huu huliingiza kila mahali, na skana huonyesha athari zake kwa namna ya pekee. Kabla ya kusoma ukurasa, mhimili hujipima kwanza kwenye utepe mweupe uliobandikwa chini ya ukingo wa kioo, ili vihisi vyote vikubaliane weupe ni upi. Punje moja ya vumbi ikitua juu ya utepe huo hukidanganya kihisi kilicho mkabala nayo, nacho hulirudia kosa lile kutoka juu ya ukurasa hadi chini, ukatokea mstari mwembamba ulionyooka unaoweza kupita katikati ya muhuri wa cheti. Mteja hudhani kioo kimekwaruzika, na kioo hufutwa bila faida kwa kuwa uchafu uko upande wa ndani. Dawa yake ni fundi kufungua mashine na kuufuta utepe kwa kitambaa laini kikavu, na duka kuwa na mazoea ya kufunika skana kwa kitambaa kila jioni.

Chini ya skana nyingi za zamani za LiDE kuna pia swichi ndogo yenye alama ya kufuli, inayoushika mhimili usigongwegongwe safarini. Skana inayopelekwa Nduguti au Itigi kwa basi hufungwa swichi hiyo kabla ya kupakiwa, na ikifika bila kufunguliwa, haisomi hata ukurasa mmoja, kompyuta yoyote itakayowekewa.