Sikio Kabla ya Jicho: Masimulizi na Makala katika Somo la Historia

Makala haya yanakusudia kueleza namna masimulizi yaliyorekodiwa na maandishi yanavyoweza kufundishwa pamoja katika somo la historia. Mfano wetu ni Kasha, katika komine ya Bagira, mjini Bukavu.

Kuanzia Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba 1967, mamluki wa Jean Schramme waliushikilia mji wa Bukavu, kisha wakakimbilia Rwanda. Kitabu cha shule huweza kuimaliza habari hiyo kwa aya moja. Mzee aliyeishuhudia huhitaji saa nzima, naye aghalabu hahesabu kwa tarehe bali kwa njia alizopita akikimbia na kwa watoto waliozaliwa wakati ule.

Mwanafunzi akianza na makala, humsikiliza mzee kama mtahini, na kila tofauti huiita kosa. Kwa hiyo hatuna budi kutanguliza sikio. Podikasti, yaani kipindi cha sauti kinachohifadhiwa katika simu, hufaa sana hapa kwa kuwa hurudiwa hata mara kumi bila kumchosha msimulizi.

Hoja hii si ngeni. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa zamani. Johannes Fabian, aliyeichapisha mwaka 1990, alikuta mipaka ya maneno na ya sentensi haifuati kawaida. Ilibidi Kalundi Mango aisome kwa sauti ndipo maana ikafunguka.

Liko jambo linalotuhusu zaidi sisi wanaisimu. Mzee husema "batu" na "tulikuwaka". Mwanafunzi, kwa kuona haya, huandika "watu" na "tulikuwa". Kwa maoni yangu, huko ni kuharibu ushahidi. Kiambishi hicho cha mwisho aghalabu hubeba maana ya mazoea. Kikifutwa, hali iliyodumu miaka hugeuka tukio la siku moja. (Usanifu una mahali pake, yaani katika insha ya mwanafunzi mwenyewe.)

Maandishi ya kanda na yafuate kinywa. Baada ya hapo makala yasomwe, maswali yaandikwe pembeni, na mwanafunzi arudi nayo kwa mzee. Aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1967 amekwisha kuupita umri wa miaka 65.