Je, Wajua? Taka za Visima vya Mafuta na Sheria za Marekani

Kinachotoka kwa wingi ni maji
Visima vya mafuta na gesi vya Marekani hutoa zaidi ya mapipa bilioni 20 ya maji kila mwaka, mara kadhaa ya mafuta yenyewe. Pipa moja ni lita 159, karibu ndoo nane kubwa za nyumbani! Maji hayo yamefungiwa miambani kwa mamilioni ya miaka. Mara nyingi yana chumvi kuliko bahari, na mengine hupanda na radiamu, elementi yenye mionzi.

Tindikali ile ile, sheria mbili
Tindikali iliyoletwa kwa kazi ya kisima cha mafuta ikibaki bila kutumika, anayeitupa anaweza kubanwa na kanuni kali za taka hatarishi. Ikishamiminwa ndani ya kisima na kurudi juu na uchafu wa ardhini, kanuni hizo haziigusi tena. Mwaka 1980 Bunge la Marekani liliziweka kando taka za uchimbaji, yakiwemo tope la kuchorongea na maji ya kisimani, hadi EPA, shirika la serikali kuu la mazingira, lizichunguze. Julai 1988 EPA ikaamua ziendelee kubaki nje, zisimamiwe zaidi na majimbo. Msamaha huo upo mpaka leo. Kinachotazamwa kwanza ni taka zimetoka wapi, kabla hata ya kupima kilichomo. Mimi hili linanishtua kuliko yote, kwani radiamu haipunguzi mionzi yake kwa sababu imetoka kisimani.

Tume ya Reli isiyosimamia reli
Jimbo la Texas liliunda Tume ya Reli mwaka 1891. Tangu 2005 tume hiyo haina mamlaka yoyote juu ya reli, lakini jina limebaki, na ndiyo inayosimamia visima vya mafuta na mashimo ya taka zake. Mkulima mwenye malalamiko kuhusu shimo la tope karibu na shamba lake huyapeleka huko.

Maji taka yaliyotikisa jimbo
Kabla ya 2009, Oklahoma ilipata wastani wa mitetemeko miwili hivi kwa mwaka yenye ukubwa wa 3 au zaidi. Mwaka 2015 ilipata zaidi ya 800! Chanzo kikuu kilikuwa maji ya visima vya mafuta yaliyorudishwa kwa shinikizo chini kabisa ya ardhi, yakaamsha nyufa za kale. Tarehe 3 Septemba 2016 mji wa Pawnee ulitikiswa kwa ukubwa wa 5.8, rekodi ya jimbo hilo, na wasimamizi wakaamuru visima vya kutupia maji vya eneo hilo vifungwe.

Mstari unaoamua ng'ombe wanywe nini
Magharibi ya longitudo 98, palipo pakavu, kanuni za serikali kuu huruhusu maji ya visima vya mafuta kumwagwa juu ya ardhi, mradi yawe safi vya kutosha kwa mifugo au wanyamapori na yatumike kweli. Mashariki ya mstari huo, ruhusa hiyo haipo.